Mchezaji akitundika daluga, bima yake inaishia wapi?

Msikilizaji wa Bonga, msimu wa 2024/25 Fountain Gate ilituletea Ligi Kuu hapa Babati, uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Je, mchezaji akiacha soka, goti bovu litatibiwa kwa fedha za nani?

Mwajiriwa aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Mkataba ukiisha, mchango huo nao hukoma.

Kisheria, kustaafu kwa hiari huanzia miaka 55. Wachezaji wengi huacha wakiwa na thelathini na kitu, hivyo hawahesabiwi wastaafu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Basi kijana wako akisaini klabu, soma naye mkataba: bima imetajwa? Ukiisha, atajiunga wapi?