Karatasi moja, nembo 16

Pita barabara ya kwenda Bagamoyo ukisoma vibao. Jahazi, mnazi, jua linalozama. Jua, mnazi, jahazi. Hoteli, saluni, hata duka la mabati, wote wamepanda jahazi. Vitu hivyo havina ubaya wowote, ila ndivyo vinavyomjia kila mtu kwanza. Mwenye biashara akienda kwa kijana wa steshenari na wazo moja, hurudi na hilohilo, limetiwa rangi tu.

Kompyuta ndiyo inayoponza. Wazo bovu likishanyooshwa mistari na kupewa herufi nzuri, linaonekana limekamilika, na mteja anaona haya kulikataa. Kwenye karatasi, wazo bovu linabaki bovu, nawe unalipita bila majuto.

Tuchukue mfano wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, upande wa Kaole na Mbegani. Akina mama wa pale hulima mwani kwenye maji mafupi: vigingi viwili, kamba katikati, vicha vya mbegu vimefungwa kwenye kamba, kisha kusubiri wiki sita hivi. Mwani mwingi wa Tanzania huuzwa mkavu na kupelekwa ng'ambo, ambako hutolewa karajini ya kugandishia vyakula na vipodozi. Gunia la mwani mkavu halihitaji nembo. Mnunuzi anatazama mizani. Lakini vikundi kama Msichoke cha hapohapo Mlingotini viliingia kwenye sabuni, na sabuni hukaa rafu moja na sabuni nyingine. Hapo jina na alama vinaanza kuwa na bei.

Nikapewa kazi hiyo ningechukua karatasi ya A4, nikaikunja mara nne. Ukiikunjua ina vyumba 16. Kila chumba dakika moja, kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Chumba ni kidogo makusudi, kwani hakina nafasi ya madoido.

Safu ya kwanza ni ya kutapika: mnazi, jahazi, jua, na mlingoti, maana jina la kijiji linauomba. Vichore vyote vinne, viondoke mkononi. Safu ya pili ni mwani wenyewe, na hapa mtu hukwama, kwa sababu mwani uliochorwa haraka hufanana na mti mkavu au pembe za kulungu. Ni safu ya tatu inayolipa. Huna tena cha kuchora, basi unaacha kuichora bidhaa, unaichora kazi: mgongo ulioinama, maji yanayofika magotini, fundo. Kamba moja yenye vicha vitatu vinavyoning'inia. Ukiitazama vizuri, ni mkufu pia, na ukiipinda kidogo inakuwa wimbi. Hilo halikuwemo kichwani ulipoketi; limezaliwa mkononi. Safu ya mwisho ni ya kulisumbua wazo hilo moja: vicha viwili, vinne, kamba imejifunga duara.

Kuna aliyefanya hivyo hata baada ya kulipata jibu. Mbunifu wa michoro Milton Glaser alikuwa ameshawasilisha nembo ya jimbo la New York na imekubaliwa. Akiwa ndani ya teksi, mwaka 1976, akachora nyingine kwa krayoni nyekundu juu ya bahasha: herufi, moyo, herufi mbili. Akaomba ile ya kwanza iachwe. Bahasha hiyo leo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la MoMA, jijini New York.

Kwetu, kipimo changu ni muhuri. Kila kikundi kina muhuri wa mpira, wa wino mmoja, na barua yake itatolewa fotokopi ya fotokopi. Jembe na nyundo ya CCM, iliyozaliwa na chama mwaka 1977, mtoto huichora ukutani kwa mkaa na wote wakaitambua, uipende usiipende. Kwa sabuni kuna jaribio gumu zaidi, kwani alama hugandamizwa kwenye kipande chenyewe, na mistari myembamba hupotea siku ya kwanza bafuni.

Halafu karatasi ipelekwe kwa wenye kazi, yote 16, bila maelezo. Usiulize ipi nzuri, watakuonea aibu. Uliza wanaona nini. Bibi atakayesema vicha vyako ni minyoo amekuokolea gharama ya kuchapa lebo.

Itakayobaki iende kompyuta, kisha ikaguliwe BRELA, kwa wasajili wa biashara, kama haina mwenyewe. Usajili wa alama ya biashara huko hudumu miaka 7, ukihuishwa unaongezewa 10, na ni wa Tanzania Bara pekee. Sabuni ikivuka kwenda kuuzwa Unguja, alama inasajiliwa upya, kwa sheria ya Zanzibar na kwa ada nyingine.