Ng'ombe hazeeki maini: Kompyuta kuukuu na kazi ya kuongoza mashine

Ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zina stoo ya namna moja: kompyuta za mezani za miaka kumi na mitano iliyopita, zimepandana hadi karibu na dari, zikingoja mnada au mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa karani zimekwisha kazi, maana hata kufungua barua pepe zinasuasua. Lakini kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga mbao au kukata bati, baadhi ya hizo ni mali, na zinaweza kumfaa kuliko kompyuta mpakato mpya ya dukani.

Sababu yake ni ya kiufundi, na kila mwenye karakana anapaswa kuielewa kabla hajafungua pochi.

Kinachotakiwa ni kuwahi

Mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC, husogeza kisu au meza yake kwa mota. Katika karakana ndogo mota hizo nyingi huenda hatua kwa hatua: kila pigo la umeme linalotoka kwenye kompyuta ni hatua moja.

Tufanye hesabu ya kawaida. Mota inahitaji hatua 200 kuzunguka mara moja. Kifaa kinachoiendesha huigawa kila hatua mara 10, kwa hiyo mzunguko mmoja unataka mapigo 2,000. Parafujo iliyofungwa kwenye mota husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko. Ina maana kila milimita inadai mapigo 400. Ukitaka kisu kitembee mita moja na nusu kwa dakika, kompyuta itoe mapigo 10,000 kila sekunde, yaani pigo moja kila mikrosekunde 100. Mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni.

Sasa pigo moja lichelewe mikrosekunde 60, na linalofuata lije kwa wakati wake. Kati yao zimebaki mikrosekunde 40 tu. Mota iliyokuwa katika mwendo wa sawasawa inaamriwa kuruka ghafla. Inakoroma, inapoteza hatua, na kwa kuwa mashine nyingi za namna hii hazina kifaa cha kurudisha taarifa, kompyuta haina habari. Inaendelea kuchonga kana kwamba mambo ni shwari. Ua lililopaswa kukaa katikati ya mlango wa mninga linatoka limehama, na ubao wa gharama unakuwa kuni. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mifumo endeshi ya kawaida, kama Windows au Linux, haikuundwa kuahidi muda wa kiasi hicho. Imeundwa kugawa kazi ili mtumiaji aridhike kwa wastani. Kwa mashine, wastani hausaidii kitu. Kinachohesabika ni ucheleweshaji mkubwa kuliko wote, hata ukitokea mara moja kwa saa.

Programu iliyojaribiwa kiwandani

Katika miaka ya 1990, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kuongoza mashine iliyoitwa EMC. Ilijaribiwa kwenye mashine kubwa ya kuchonga vyuma katika karakana ya General Motors huko Pontiac, Michigan. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, iliachiwa umma bila malipo. Mafundi na waandishi wa programu wa kujitolea wakaipokea na kuiendeleza, na tangu mwaka 2011 inaitwa LinuxCNC.

Nguvu yake iko kwenye kiini cha Linux kilichorekebishwa. Njia ya zamani, RTAI, iliyoanzishwa na Paolo Mantegazza katika chuo cha Politecnico di Milano nchini Italia, huiweka Linux nzima mwisho wa foleni: mapigo ya mota kwanza, kipanya na skrini baadaye. Njia ya pili, PREEMPT_RT, ilisukwa kwa takriban miaka 20 hadi ikaingizwa rasmi katika Linux toleo la 6.12 mwaka 2024.

Hapo ndipo kompyuta ya zamani inapopata heshima yake. Nyuma yake kuna lile tundu pana la printa lenye vishimo 25, ambalo kompyuta mpya zimeliacha. Kupitia tundu hilo programu hupeleka pigo moja kwa moja, bila kupita kwenye foleni ya USB. Ndiyo sababu pia karakana nyingi bado zimeshikilia Windows XP: Mach3, programu nyingine maarufu ya kuongoza mashine, haiwezi kutumia tundu hilo kwenye Windows ya biti 64.

Pima kabla ya kuamini

Si kila kuukuu inafaa, na umri wala bei havisemi chochote. LinuxCNC huja na kipimo chake. Ukikiwasha, dirisha dogo linatokea likiwa na tarakimu zinazopanda: ucheleweshaji mkubwa uliokwisha kuonekana, kwa nanosekunde. Hapo kazi yako ni kuisumbua kompyuta. Fungua video, nakili mafaili makubwa, burura madirisha huku na huko, kisha iache iendelee kwa saa kadhaa. Tarakimu ikibaki chini ya 20,000, umepata jembe. Kati ya 30,000 na 50,000 bado utafanya kazi, ila kwa mwendo wa chini. Ikipita 100,000, usiiruhusu itoe mapigo yenyewe.

Kompyuta mpakato ndizo huanguka zaidi mtihani huu. Nyingi husimamisha kila kitu kwa muda ili kukagua joto, betri au feni. Amri hizo zimo ndani ya bodi yenyewe, na mfumo endeshi hauwezi kuziona. Kwenye kompyuta ya mezani, mara nyingi kuzima vipengele vya kubana umeme katika mipangilio ya bodi hushusha tarakimu ile papo hapo.

Ikishindikana, bado kuna njia. Zipo kadi za nje, kama zile za Mesa, zinazotoa mapigo zenyewe. Kompyuta huzipa maagizo mara moja tu kwa kila milisekunde, na hapo ucheleweshaji wa mikrosekunde 100 unavumilika.

Tahadhari ni za lazima. Usiunge mota moja kwa moja kwenye tundu la printa. Weka bodi ya kutenganisha umeme katikati. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota kwa waya wake wenyewe, kisitegemee programu, kwa sababu programu ikiganda mkono wa mtu uko karibu na kisu. Usiunganishe kompyuta hiyo na intaneti, ikinge na vumbi la mbao, iwekee betri ya akiba kwa ajili ya umeme unaokatika, na weka nakala ya diski yake. Kompyuta kuukuu itakufa siku moja, na ukiwa na nakala kazi hairudi mwanzo.

Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kuanza na somo hili bila kusubiri fungu la vifaa vipya. Kompyuta ishirini zilizostaafu, kipimo kimoja cha bure na mwalimu mwenye subira vinatosha kumfundisha kijana jambo ambalo mashine yoyote ya kisasa itamdai: kutimiza kazi kwa wakati uliopangwa, kila mara. Taasisi zinazopanga kuuza kompyuta zake kwa kilo zingefanya vyema kuita chuo cha jirani kwanza. Kompyuta zitakazofaulu kipimo zipelekwe karakana, na zitakazofeli ziende kwa mnunuzi wa chuma.