Fahamu: Matufe ya Mawe ya Uskoti Yalikuwa ya Kazi Gani?
Katika ardhi ya Uskoti, hususan upande wa Aberdeenshire, yamepatikana matufe ya mawe zaidi ya 400, yaliyochongwa takriban miaka 5,000 iliyopita, mengi yakiwa na kipenyo cha sentimita 7 hivi, na vinundu, aghalabu 6, vilivyotokeza kwa ulinganifu wa ajabu.

Wako waliodhani kuwa ni mawe ya mizani, lakini dhana hiyo hubatilika kwa kuwa uzito wake haufuati kiwango kimoja. Wengine wakasema ni silaha za kurushwa kwa kamba. Rai yenye nguvu zaidi ni kwamba yalikuwa alama za hadhi, kwani mojawapo, tufe lililopatikana mahali paitwapo Towie, lenye nakshi za mizunguko, lilichongwa na fundi asiyejua chuma, kazi iliyohitaji ustadi na muda mwingi. Na kwa kuwa matufe hayo ni nadra kukutwa makaburini, yamkini yalikuwa amana ya ukoo, si milki ya mtu mmoja.