Je, Wajua? Rivolva ya Kwanza

Je, wajua kwamba muuza silaha wa Marekani akijiwa na mtu ambaye hajawahi kumiliki silaha, mara nyingi humwekea rivolva mezani? Sababu anayoitoa ni urahisi. Hakuna magazini ya kuchomeka, wala kipande cha juu cha kuvuta nyuma kwa nguvu za mkono. Unafungua silinda, unaona kwa macho kama ina risasi au haina, unaifunga. Ni kweli kabisa. Ila rivolva ni rahisi kuielewa, si rahisi kulenga nayo, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshalipa. Safu ya leo ni ya anayetaka kujua kabla ya kufungua pochi, na kwanza kabisa ni ya ndugu zetu walioko Marekani, ambako bastola huuzwa dukani mchana kweupe.

Je, wajua kwamba neno risasi lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka mtutuni? Tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni yale madini mazito ya kijivu. Lugha imetuhifadhia onyo. Kila unapofyatua, vumbi la madini hayo hutoka kwenye vichwa vya risasi na kwenye fataki nyingi, yaani viwashio vya nyuma ya ganda, likatua mikononi, kwenye nywele na nguo. Ukitoka kwenye uwanja wa shabaha nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujala na kabla hujambeba mtoto. Mama mjamzito azungumze na daktari wake kwanza.

Samuel Colt, mzaliwa wa Hartford, Connecticut, alipewa hataza ya rivolva yake nchini Marekani tarehe 25 Februari 1836, akiwa na umri wa miaka 21. Kiwanda chake cha kwanza, cha Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842 kwa kukosa wateja. Kilichomwinua ni vita vya Marekani na Mexico: mwaka 1847 jeshi lilimwagiza bastola 1,000, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 2 hivi. Hazikuwa za kubeba kiunoni. Zilining'inizwa kwenye tandiko la farasi.

Bastola za Colt za wakati huo zilijazwa baruti na kichwa cha risasi kutoka mbele, tundu moja baada ya jingine. Wazo la kutoboa silinda hadi nyuma, ili risasi nzima yenye ganda lake iingizwe kwa mara moja, lilikuwa na hataza ya Rollin White ya mwaka 1855. Horace Smith na Daniel Wesson walimlipa senti 25 kwa kila bastola waliyotengeneza, na mwaka 1857 wakatoa ya kwanza, ndogo, ya risasi saba. Mkataba ulimtaka White mwenyewe agharimie kesi dhidi ya waigaji, na kesi hizo zilimla sana.

Je, wajua kwamba silinda za Smith & Wesson huzunguka kinyume cha saa zikitazamwa na mpigaji, na za Colt huzunguka kufuata saa? Mwalimu akikupa zoezi la kuacha tundu moja tupu, jua kwanza bastola yako inazungukia wapi, ndipo utajua ni tundu lipi linalokuja chini ya nyundo.

Na hapa tuseme habari ya nyundo. Katika bastola za mtindo wa zamani, kama ile maarufu ya Colt ya mwaka 1873, nyundo ikilala huwa imekaa juu ya fataki. Ikianguka chini au ikigongwa, inaweza kulia. Ndiyo maana waliozijua vizuri walijaza risasi tano kwenye silinda ya matundu sita. Mwaka 1973 kampuni ya Ruger ilianza kuweka kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga fataki pale tu kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho, na mpaka leo huwafungia bila malipo wenye bastola zake za zamani za aina hiyo. Ukirithi rivolva ya babu mkwe, au ukiiona ya bei nafuu mnadani, swali la kwanza ni hilo: nyundo inalalia nini?

Risasi ya .38 Special si ya inchi 0.38. Kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.357, sawasawa na cha .357 Magnum; jina la 38 ni mabaki ya enzi ambazo kichwa kilikuwa na unene wa ganda. Kwa hiyo bastola ya .357 hufyatua .38 bila shida yoyote. Kinyume chake ni mwiko. Waliobuni .357 mwaka 1935 walilirefusha ganda kwa milimita 3 na ushee makusudi, lisiingie kwenye silinda ya bastola ya .38, maana nguvu yake ingeipasua. Mimi ningemshauri anayeanza anunue ya .357 na ajifunzie kwa .38: sauti ya chini zaidi, teke dogo zaidi, na risasi kwa kawaida ni za bei nafuu.

Uzito ndio unaowadanganya wengi. Mteja, hasa akiwa mwanamke, huoneshwa bastola ndogo nyepesi ya kuingia mkobani. Ruger LCR ya .38 ina uzito wa gramu 383 hivi, pungufu ya nusu kilo ya sukari. GP100 ya kampuni hiyo hiyo, ya chuma na yenye mtutu wa inchi nne, hupita kilo moja. Ukiishika dukani utaipenda ile nyepesi. Ukifyatua risasi hamsini utaipenda ile nzito, kwa sababu uzito wa bastola ndio unaomeza teke lake. Nyepesi hurudi nyuma kwa ukali, kiganja kinauma, na baada ya risasi kumi mtu anaanza kufumba macho kabla hata haijalia. Atakayeondoka uwanjani na mkono unaouma hatarudi kufanya mazoezi, na silaha isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa mwenyewe kabla ya kuwa hatari kwa mwizi. Zile nyepesi kupita kiasi zina tatizo jingine tena: teke likiwa kali, vichwa vya risasi zilizosalia kwenye silinda huweza kuchomoka kidogo kutoka kwenye maganda yao, vikajitokeza mbele na kuifanya silinda ikwame. Hapo ule urahisi uliosifiwa umekwisha.

Kifyatulio nacho. Kukivuta moja kwa moja bila kuivuta nyundo kwanza huhitaji nguvu ya kuinua kilo 4.5 hadi 5.5. Bastola ndogo yenyewe haifiki kilo moja. Kidole kikivuta kwa nguvu hiyo mtutu hutikisika, na shabaha ya mita saba inakuwa ngumu. Dawa yake ni mazoezi makavu nyumbani, silinda ikiwa na risasi bandia na risasi halisi zikiwa chumba kingine, zimefungiwa. Lakini usifanye hivyo kwa rivolva ya .22 bila kusoma kitabu chake, maana nyingi pini yake hugonga ukingo wa tundu na kuuharibu.

Inawezekana kuimudu? Mwaka 1999 mlenga shabaha Jerry Miculek alifyatua risasi sita, akajaza upya silinda, akafyatua nyingine sita, yote kwa sekunde 2.99. Alitumia rivolva.

Je, wajua kwamba kati ya silinda na mtutu kuna mwanya? Ni mwembamba kama karatasi, lakini moto na gesi hutoka pembeni kila risasi inapolia. Kidole gumba kikikaa hapo kitaungua, na kwa risasi zenye nguvu kubwa kitachanika. Mtu aliyejifunzia bastola ya magazini hupenda kusogeza vidole mbele. Kwenye rivolva aache kabisa. Mwanya huo ndio pia unaofanya kiziba sauti kisifae kwa karibu rivolva zote. Nagant ya Urusi ya mwaka 1895 ni ya kipekee: silinda yake husogea mbele na kuuziba mwanya kabla ya kufyatua.

Sauti ya risasi moja inatosha kuharibu masikio. Madaktari huweka mpaka wa hatari kwenye desibeli 140 kwa mlio wa ghafla, na .357 yenye mtutu mfupi hupita 160. Ndani ya jengo vaa viziba masikio vya ndani na vya nje kwa pamoja.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiwa uwanjani ukasikia "puf" badala ya mlio uliouzoea, ACHA. Usivute tena. Huenda risasi ilikosa baruti ya kutosha na kichwa chake kimekwama katikati ya mtutu. Bastola ya magazini aghalabu hukwama yenyewe hapo. Rivolva haikwami: inaleta tundu linalofuata na kufyatua kwa utiifu, kichwa cha pili kinakigonga cha kwanza, na mtutu unapasuka mbele ya uso wako. Fungua silinda, toa risasi zote, mwite msimamizi. Na ukisikia "klik" tupu, ielekeze kwenye shabaha na hesabu sekunde thelathini kabla ya kuifungua, kwa kuwa fataki nyingine huchelewa kuwaka.

Wanunuao za mitumba wana bahati, kwa sababu rivolva huficha machache. Ikiwa tupu, na muuzaji amekubali, vuta nyundo polepole: silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ishike silinda uitikise. Ikicheza sana mbele na nyuma, iache. Tazama mahali mtutu unapoanzia, penye mdomo mpana, utafute nyufa; Smith & Wesson za ukubwa wa kati zilizolishwa risasi za .357 zenye vichwa vyepesi na nguvu kali kwa miaka mingi zilijulikana kupasuka hapo upande wa chini. Mwenye duka akiifunga silinda kwa kuizungusha mkono kama kwenye filamu, ondoka. Tabia hiyo hupinda mkono wa chuma unaoibeba silinda.

Je, wajua nani hasa anaruhusiwa kununua? Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, duka lenye leseni haliwezi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, na ni lazima ununue katika jimbo unaloishi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya masomo, matembezi au kazi ya muda, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika uwanjani, isipokuwa awe na kibali halali cha uwindaji au aingie kwenye misamaha mingine michache. Wanafunzi wetu wamealikwa na marafiki kwenda "kujaribu tu". Wajue kwamba kwa mtu wa viza hilo linaweza kuwa kosa la jinai na mlango wa kufukuzwa nchini.

Mnunuzi hujaza Fomu 4473. Swali lake la uzito ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Abramski kwamba kumnunulia mtu mwingine kwa fedha zake na kujiandika wewe ndiye mnunuzi ni kosa, hata kama huyo mwingine naye angeruhusiwa kununua. Binamu akikutumia hela umchukulie moja kwa sababu duka liko karibu na kwako, mkatalie.

Ukaguzi wa papo hapo unaofuata fomu hiyo una jina la mtu nyuma yake. Tarehe 30 Machi 1981, mbele ya hoteli jijini Washington, rivolva ndogo ya .22 iliyonunuliwa kwenye duka la rehani la Dallas ilifyatuliwa mara sita kwa muda usiofika sekunde mbili. Rais Reagan alijeruhiwa. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na akaishi na ulemavu hadi kifo chake mwaka 2014. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini mwaka 1993, na mfumo wa ukaguzi ukaanza tarehe 30 Novemba 1998.

Wapo wazazi wanaoamini kifyatulio kizito cha rivolva ni kinga kwa watoto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwapima: robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4 waliweza kuvuta uzito wa kilo 4.5 kwa kutumia vidole viwili. Wa miaka 7 hadi 8, tisa kati ya kumi. Juu ya kabati si mahali pa kufichia; mtoto aliyewahi kutafuta biskuti anapajua. Sheria ya mwaka 2005 inalitaka duka likupe kifaa cha kufungia pamoja na bastola, mara nyingi waya wenye kufuli. Rivolva hufungwa silinda ikiwa wazi na waya ukipita kwenye mtutu au mahali pa silinda, isiweze kufungika. Sefu ndogo ya kufungua kwa vidole ni bora zaidi.

Na hili nimeliweka nyuma kwa kuwa duka halikuambii. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto Marekani; zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua. Utafiti wa California uliotolewa mwaka 2020, uliofuatilia watu wazima milioni 26, ulikuta wanaume wenye bastola walijiua kwa silaha karibu mara 8 kuliko wanaume wasio nayo; wanawake, mara 35. Hatari ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote mara tu baada ya kununua ile ya kwanza. Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako anapita kipindi kizito, usinunue sasa. Kama ipo tayari, baadhi ya maduka, viwanja vya shabaha na vituo vya polisi hukubali kukuhifadhia kwa muda. Na namba ya simu 988, ya msaada kwa anayewaza kujiua, hupokewa usiku na mchana kote Marekani. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani.