Nguo Zikikupwaya, Jiulize Kwanza

Leso humkaa aliyenenepa na aliyekonda; sketi ndiyo husema. Ikikupwaya, kabla ya kuipeleka kwa fundi ipunguzwe au kumpa jirani, jiulize: nimepungua kwa nini?

Kama ulikusudia, hongera. Ngoja uzito utulie, ndipo ugawe. Kama hukukusudia, na una kikohozi, homa au jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara huenda ni kisukari. Mtoto naye nguo zikimpwaya, usingoje.

Nenda kituo cha afya hapa Lunga Lunga, au hospitali ya Msambweni. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa kawaida kwa miezi 6. Nguo zitunze: ukipona, mwili hurudi.