Je, Wajua? Kitufe Kikikwama, Chunguza Tundu Lake

Je, wajua kwamba kitufe cha msalaba, kile cha kuelekeza juu, chini, kushoto na kulia, kina zaidi ya miaka 40? Kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo, Japani, kwa mchezo wa mkononi wa Donkey Kong wa mwaka 1982. Fungua Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi iliyotoka mwaka 1989, ugeuze msalaba wake: katikati kwa chini utakuta kinundu. Upande mmoja ukizama, wa pili huinuka, hivyo ni vigumu kubonya kushoto na kulia kwa pamoja. Wanaojiundia kifaa cha michezo cha mkononi nyumbani wasipokiweka kinundu hicho, msalaba huzama mzima na mchezo hupokea amri zinazopingana. Kabla ya kulaumu waya, tazama hapo.

Je, wajua kwamba kuna kompyuta iliyowahi kutolewa bure pamoja na jarida? Ni Raspberry Pi Zero ya Uingereza, Novemba 2015. Ilibandikwa kwenye jalada la jarida hilo, The MagPi, na dukani bei yake ilikuwa dola 5. Ina urefu wa milimita 65 na upana wa 30, kwa hiyo wanaojiundia vifaa vya michezo huiingiza ndani ya ganda la Game Boy kuukuu, au ganda lililochapwa kwa printa ya 3D. Matatizo mengi ya vitufe huanzia kwenye ganda hilo la kuchapwa.

Je, wajua kwamba tundu lililochapwa mara nyingi huwa dogo kuliko lilivyochorwa? Printa hupanga plastiki tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.2 hivi. Tabaka la kwanza hukandamizwa kwenye sahani ya printa, likatanuka pembeni. Kwa kuwa uso wa ganda ndio hulazwa chini, ukingo huo uliotanuka huangukia mdomoni mwa tundu, mahali hasa kitufe kinapopita. Wengi huparura kitufe mpaka kikalegea na kucheza-cheza, ilhali kosa liko kwenye tundu. Pitisha kisu kikali kuzunguka mdomo wake, umalizie kwa msasa laini. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 kila upande yatosha. Usizidishe, maana plastiki iliyokwisha kuondoka hairudi.

Je, wajua kwamba bisibisi nayo hukwamisha vitufe? Skrubu zikikazwa mno, ganda hupinda na kuusogeza ubao wa saketi karibu na uso, kitufe kikabaki kimebonyezwa nusu hata kabla hujakigusa. Legeza kila skrubu nusu mzunguko, kisha ujaribu. Mimi naona jaribio hili lifanywe kabla ya jingine lolote, kwa sababu haliharibu kitu.

Je, wajua namna ya kutambua kama tatizo ni la plastiki au la umeme? Zima kifaa, ubonye kila kitufe polepole kwenye pembe zake, si katikati. Kinachobaki chini kina tatizo la plastiki. Kikirudi vizuri, lakini ukiwasha mhusika anaendelea kukimbia upande mmoja, tafuta tone la risasi ya kulehemu lililounganisha nyaya mbili, au waya uliochubuka unaogusa wenzake.

Je, wajua kwamba mpira ulio chini ya vitufe vya Game Boy ni wa jamii moja na ule wa rimoti ya televisheni? Kila kibonge cha mpira huo kina kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa ubao na kupitisha umeme. Uchafu wa soda au jasho ukiingia, safisha ubao kwa spiriti na pamba, ila kidonge kipanguswe kwa wepesi ili kaboni isibanduke. Mafuta ya kulainishia vyuma usiyatumie kabisa: hunasa vumbi, na baadhi yake hupasua plastiki.

Je, wajua kwamba PLA, plastiki inayotumiwa sana kwenye printa hizi, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 za Selsiasi hivi? Gari lililofungwa vioo juani laweza kuifikisha dashibodi kwenye joto hilo, na matundu ya ganda lililoachwa juu yake yakapinda. Kwa kifaa cha safarini, chapa ganda kwa plastiki ya PETG, inayohimili hadi karibu nyuzi 80.