Mhandisi wa madaraja aliyehesabu moshi wa dunia

Mwaka 1958, kijana mmoja Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ujenzi mjini Gävle, Uswidi, aliona tangazo gazetini. Chuo Kikuu cha Stockholm, idara ya hali ya hewa, kilitaka mtu wa kuandika programu za kompyuta. Paul Crutzen hakuwa amewahi kuandika hata moja. Aliomba, akachukuliwa.

Alizaliwa Amsterdam mwaka 1933, baba mhudumu wa mgahawa, mama mfanyakazi wa jikoni hospitalini. Katika baridi ya 1944 kuamkia 1945, Wajerumani wakiwa bado wameikalia nchi, njaa iliwaua baadhi ya wanafunzi wenzake. Baadaye homa kali ilimshika wakati wa mtihani wa mwisho, alama zikapungua, ufadhili wa chuo kikuu ukamponyoka. Akasomea ufundi na kuingia kwenye madaraja.

Stockholm aliandika programu kwa mshahara, huku akijiibia muda wa kuhudhuria mihadhara ya hesabu na hali ya hewa. Masomo yenye saa nyingi za maabara aliyaacha, maana kazi haikumruhusu. Huyu ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995, pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland!

Kilichompa tuzo kilianza na makala ya mwaka 1970. Vijidudu vya udongoni hutoa gesi ya oksidi ya naitrasi, ambayo haiozi upesi; hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni. Huko huzaa oksidi nyingine za nitrojeni ambazo huvunja ozoni, kisha zikabaki zilivyokuwa, tayari kuvunja nyingine. Kiasi kidogo tu kinatosha kufanya kazi kubwa. Kwa hiyo mbolea ya shambani, ambayo huongeza gesi hiyo ya udongoni, jambo ambalo wachache walilihusisha na anga za juu, ikawa na hesabu ya kujibu.

Mimi naona kazi yake ya moshi ilikuwa na upeo mpana zaidi, ingawa haikumletea Nobel. Mwaka 1979, yeye na wenzake walionyesha kwamba kuchoma misitu, nyika na mabaki ya mazao huingiza hewani gesi nyingi kuliko ilivyodhaniwa, ikiwemo kaboni monoksidi. Hadi hapo uchafuzi wa hewa ulionekana ni jambo la viwanda vya nchi tajiri. Sasa ukanda wa tropiki nao uliingia kwenye daftari. Miaka mitatu baadaye, akiwa na John Birks, alihesabu moshi wa miji na misitu ambayo ingeungua katika vita vya nyuklia. Walikuta kwamba ungeziba jua mchana. Wazo la majira ya baridi ya nyuklia lilitokea hapo.

Mwaka 1999 yeye na Veerabhadran Ramanathan waliongoza utafiti mkubwa juu ya Bahari ya Hindi, wakipima kwa ndege, meli na vituo vya Maldivi. Upepo wa kaskazi, uleule uliosukuma majahazi hadi pwani yetu, ulikuwa umebeba ukungu wa masizi na salfeti kutoka Asia Kusini hadi katikati ya bahari. Chembechembe hizo, ambazo wanasayansi huziita erosoli, zilipunguza mwanga unaofika majini. Masizi hunyonya mwanga wa jua. Salfeti huurudisha juu.

Tabia hiyo ya salfeti ndiyo iliyomtia kwenye mabishano mwaka 2006. Alisema tukisafisha hewa tutaondoa pia kivuli kinachopunguza joto, hivyo ifanyiwe utafiti njia ya kupeleka salfa juu kwa makusudi, kama volkano ya Pinatubo ilivyofanya mwaka 1991. Baadhi ya wenzake hawakutaka hata makala hiyo ichapishwe. Yeye mwenyewe aliandika kwamba njia bora ni kupunguza gesi zenyewe. Kwa maoni yangu alifanya vyema kusema hadharani. Alifariki Januari 2021.

Moshi aliouhesabu bado unapanda: Afrika ndilo bara linaloongoza kwa eneo linaloungua kila mwaka, lakini vituo vya kupima moshi wake bado ni vichache. Kimojawapo kiko Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.